Gramu Tisini

Dada yangu Trina ana mkasi ambao hapa Gull Tickle unaogopwa kuliko polisi. Polisi wako ng'ambo ya maji, na huja kisiwani wakisikia harufu ya supu. Mkasi wa Trina uko jikoni, kwenye droo ya vijiko, tayari kwa kazi.

Oktoba iliyopita alibandika tangazo kwenye mlango wa duka: Jumamosi, kituo cha zimamoto, leteni viti vya watoto vya gari vikaguliwe, bure, chai ipo. Watu walikwenda kwa ajili ya chai. Trina, ambaye ana cheti cha ukaguzi wa viti na fulana yenye maandishi mgongoni, akavigeuza viti kichwa chini miguu juu na kusoma vibandiko kama mtu anayesoma wosia. Kiti kikiwa kimepita tarehe yake, hakibishaniwi. Alikata mikanda palepale, kachu, kachu, ili asije mtu mwingine akakiokota jalalani akamkalisha mtoto. Viti kumi na vinne, katika kisiwa cha watu mia moja na sitini. Mjomba Hayward, ambaye ni mjomba wa kila mtu hapa, alisema hajaona mauaji ya namna ile tangu enzi za uwindaji wa sili.

"Na mtoto atazame nyuma," Trina aliwahubiria, mkasi mkononi. "Atazame nyuma mpaka kiti chenyewe kiseme basi. Sio umri, sio miguu imekuwa mirefu, sio mama mkwe kasema. Kibandiko!"

Tulimcheka sana. Mimi, Garland, mdogo wake, nilimcheka kuliko wote. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kudumu, ukiacha ile ya kiwanda cha samaki ambayo ni ya msimu. Lakini hakuna aliyemcheka kuhusu sababu. Trina hujitolea kwenye gari la wagonjwa. Miaka minne iliyopita waliitwa darajani, ng'ambo, na kwenye lile gari kulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa amekalishwa akitazama mbele. Hajawahi kutusimulia. Tunachojua ni kwamba alirudi nyumbani, akafua jaketi lake mara tatu, na wiki iliyofuata akajiandikisha mafunzo.

Basi. Jana asubuhi, saa mbili na nusu, simu ikalia.

Ilikuwa hospitali ya ng'ambo. Bibi Effie, aliyetulea mimi na Trina tangu tukiwa hatujui kujifunga viatu, amelazwa huko tangu Alhamisi na kifua. Daktari alisema moyo umechoka na mishipa imeziba, hapo kwao hawana la kufanya, ndege itamchukua saa saba mchana kumpeleka hospitali kubwa ya St. John's akapasuliwe. Akasema pia, kwa ile sauti wanayofundishwa, kwamba kama tunataka kumwona kabla hajaondoka tusingoje feri ya mchana.

Kisha Bibi mwenyewe akapewa simu.

"Trina."

"Naam, Bibi."

"Niletee somo wangu nimshike."

Somo wake ni Effie mdogo, binti wa Trina, miezi ishirini, jina moja na Bibi na ukaidi mmoja. Na aliposema nimshike alimaanisha nimshike. Macho ya Bibi yalizimwa na sukari miaka mitano iliyopita. Hajawahi kumwona huyu mtoto. Anamjua kwa vidole: humpapasa masikio kwanza, kisha kisogo, kisha vifundo vya miguu, halafu hutangaza kwa jumuiya nzima ni kiasi gani amekua tangu jana. Simu ya picha kwake ni kipande cha kioo baridi.

"Tunakuja," Trina akasema.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Feri saa nne na robo. Majini dakika thelathini na tano, barabarani saa moja. Saa sita tuko kitandani kwake, na saa nzima ya kupapaswa masikio. Trina akapanda ghorofani kutafuta soksi. Mimi niliachiwa mtoto, na mtoto alikuwa analia kwa sababu watu wazima walikuwa na nyuso mbaya. Nikafanya anachofanya mjomba yeyote mwenye akili. Nilikuwa nimekaanga maandazi yetu ya asubuhi, touton, unga wa mkate kwenye mafuta ya nguruwe. Nikamwaga asali nyeusi ya miwa juu yake, nikampa mtoto moja. Akanyamaza. Alipomaliza akalia. Nikampa la pili. Naam, mnaona mambo yalivyokwenda. Manne, na kikombe cha maziwa juu yake. Nilijiona fundi wa malezi.

Trina akashuka, akambeba, akatoka nje kwenye gari lake dogo, akafungua mlango wa nyuma. Akasimama.

"Garland, kiti kiko wapi?"

Nyuma ya gari kulikuwa na makombo ya biskuti, glavu moja, na pengo.

Mnajua mume wake, Dwayne, ni wa kwenda na kurudi: wiki tatu kwenye visima vya mafuta huko Alberta, wiki mbili nyumbani, kama nusu ya wanaume wa huku. Jumatatu alikuwa amempeleka mtoto chanjo kwa pikapu yake. Jumanne aliondoka. Trina akampigia, huko kulikuwa bado hakujapambazuka na alikuwa anavaa buti za kazi. Nikasikia sauti ya mwanamume anayezama.

"Mpenzi, usinichinje. Kiti kimebaki kwenye pikapu."

"Na pikapu?"

"Maegesho ya uwanja wa ndege."

"Na ufunguo?"

"Nimeushika hapa."

Uwanja wa ndege uko saa tatu kutoka gatini, na ufunguo ulikuwa upande mwingine wa nchi. Trina hakumtukana. Alikata simu polepole, jambo ambalo mimi ningeliogopa zaidi.

Kisiwani watoto wa umri huo ni watatu tu. Effie, na mapacha wa Selina. Na Selina alikuwa mjini Gander na mapacha wake tangu juzi, kila pacha amekalia kiti chake. Ng'ambo gatini hakuna teksi. Kulikuwa na moja. Mwenyewe alistaafu, sasa gari ni banda la mbwa. Zilibaki dakika sabini na tano.

"Mjomba Hayward anacho kimoja," nikasema.

Tukakimbia. Mjomba Hayward alikuwa uani anapasua kuni. Kiti alikuwa nacho, kweli. Kilikuwa ndani ya banda la kuku, na juu yake kulikuwa na kuku wa rangi ya tangawizi aliyetutazama kwa dharau.

"Anataga vizuri humo," Mjomba akasema. "Anatazama nyuma, kama ulivyoagiza."

"Mjomba, mikanda yake iko wapi?"

"Uliikata, mwanangu. Oktoba. Nilikuwa nakunywa chai, nikakuona."

Trina akafumba macho kidogo. Mjomba, alipoelewa shida yetu, akatupa shoka chini na kuacha mzaha. Akakumbuka kwamba mwanawe aliwahi kuleta kiti kutoka Maine, ng'ambo ya mpaka, kizuri, kipya, bado kiko darini. Alipanda ngazi mwenyewe na magoti yake ya miaka sabini na nane. Kiti kikashuka kwenye vumbi. Kilikuwa kizuri mpaka kinatia wivu. Trina akakigeuza, akatafuta kibandiko chenye jani letu, lile jani jekundu la bendera ambalo bila yake kiti si kiti katika nchi hii. Hakuna jani.

"Ni Maine tu hapo," Mjomba akasema. "Ukitema mate upepo ukiwa mzuri yanafika."

"Kimetengenezwa kwa kanuni zao, Mjomba, sio zetu. Siwezi."

"Jani naweza kukuchorea."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Kiti cha tatu kilikuwa cha Curtis, binamu yetu. Curtis alitoka nacho mlangoni akitabasamu, tarehe haijapita, jani lipo, kinatazama nyuma mpaka kilo kumi na nane. Trina akakishika kama mtu anayeshika mkate wa moto. Kisha akauliza swali lake la kawaida, lile ambalo yeye tu angeliuliza.

"Curtis, hiki ndicho kilichokuwa kwenye gari ulipogonga moose?"

Curtis akakuna shingo. Moose huku ni kama kodi: kila mtu atampata siku moja. Ni mnyama mrefu kuliko farasi, husimama katikati ya barabara kama aliyeinunua.

"Mtoto hakuwemo," akasema. "Kiti kilikuwa kitupu. Na moose mwenyewe aliondoka kwa miguu yake."

"Boneti ilifika kwenye usukani, Curtis."

"Lakini kiti hakina hata mkwaruzo!"

"Ufa wake hauonekani kwa nje," Trina akasema, akamrudishia. Zilibaki dakika arobaini.

Hapo ndipo nilipokumbuka Jolene. Jolene ni binti wa Shangazi Vina mwenye duka, na anajifungua mwezi ujao. Trina mwenyewe ndiye aliyempa kiti cha kwanza cha Effie, kile kidogo chenye mpini, cha mtoto mchanga. Hakijawahi kuanguka, hakijawahi kugongwa. Kilikuwa dukani kwa Shangazi Vina, hatua mia kutoka gatini, kimefungwa kwenye plastiki.

Feri ilikuwa imeshatia nanga tulipofika. Magari matatu yalikuwa yamepanga foleni. Shangazi Vina alikisikiliza kisa chetu kwa nusu dakika, akaingia nyuma, akatoka na kiti amekikumbatia.

"Chukueni, vipenzi vyangu. Jolene hana haraka na wala huyo wa tumboni hana."

Trina akapiga magoti sakafuni. Tarehe: bado miaka mitatu. Jani: lipo. Akamkalisha Effie, akapima kwa kidole kutoka utosi wake mpaka ukingo wa kiti. Nafasi ilikuwepo, ukoo wetu ni wafupi, kwa mara ya kwanza ufupi ukatufaa. Nikaanza kufungua mlango. Nikaona Trina hajainuka. Alikuwa anasoma kibandiko cha ubavuni, midomo ikicheza.

"Mwisho kilo kumi," akasema.

"Ana kilo ngapi?"

"Jumatatu kwenye chanjo alikuwa tisa na nusu na ushee. Wakati ule alikuwa na kikohozi, hali chakula."

Nikakumbuka touton nne.

Shangazi Vina ana mizani mezani, ya kupimia nyama ya chumvi na chewa. Mizani hii lazima niwaeleze kidogo. Kwa miaka ishirini kisiwa kizima kimesema inazidisha. Ukinunua kilo moja, watu hukwambia una gramu mia tisa na maombi. Shangazi Vina ameapa kwa Biblia kwamba inapima haki; amegombana kwa ajili yake na wakwe zake, mchungaji na mwalimu wa shule. Mwaka mmoja hakualikwa kwenye karamu ya Krismasi kwa sababu ya ile mizani.

Trina akamweka Effie juu yake, na ovaroli lake la theluji. Kumi na moja na zaidi.

"Ovaroli lazima livuliwe hata hivyo," akasema haraka. "Halikai chini ya mikanda." Akalivua. Akavua buti. Kumi na robo. Akavua sweta, suruali, soksi. Watu waliokuwa wakingoja feri walikuwa wameanza kuingia dukani. Mjomba Hayward alikuwa amefika akihema. Effie akakaa juu ya mizani kama samaki wa maonyesho, akipunga mkono.

"Nepi imejaa?" Mjomba akauliza.

Trina akavua nepi. Namba zikacheza, zikatulia. Kumi, nukta, sifuri tisa.

Kilo kumi na gramu tisini.

"Mnyoeni nywele," mtu mmoja akasema mlangoni.

"Gramu tisini, dada," nikasema. "Ni kipande cha mkate." Na nilipotamka mkate nikahisi uso unawaka. "Bibi anangoja. Hakuna mtu atakayejua."

Trina hakunitazama. "Kila mtu aliyenijia zimamoto alikuwa na gramu tisini zake, Garland."

Feri ikapiga honi ya kwanza.

Ndipo Shangazi Vina alipojikohoza. Alikuwa amekunja aproni yake mikononi mpaka imekuwa kamba.

"Trina, kipenzi," akasema, kwa sauti ambayo duka zima liliisikia. "Mizani hii inazidisha."

Duka zima likageuka.

"Inazidisha," akarudia, mashavu mekundu. "Imezidisha siku zote. Gramu mia kwa kila kilo, na pengine mia mbili. Nilikuwa nasema uongo. Mchukue mtoto uende."

Sijui kama mnaelewa alichokitoa pale. Mjomba Hayward alivua kofia.

Na Trina akamtazama yule mama kwa shukrani ambayo sijawahi kuiona usoni kwake, na niliona anataka kuamini, anataka kama mtu aliye chini ya maji anavyotaka pumzi. Akanyoosha mkono kwenye rafu. Akachukua mfuko wa unga wa kilo kumi, haujafunguliwa. Akamwinua Effie, akanipa, akauweka ule mfuko juu ya mizani.

Kumi, nukta, sifuri mbili. Unga, na karatasi yake.

Mizani ilikuwa ya haki. Miaka ishirini ilikuwa ya haki, na kila mtu aliyekuwa amemsema alikuwepo kushuhudia, na hakuna hata mmoja aliyefurahi, Shangazi Vina mwenyewe ndiye aliyeanza kulia.

Honi ya pili. Onslow, yule wa kamba gatini, akachungulia ndani.

"Trina, mwanangu, nahodha anasema atakungoja dakika mbili. Tatu atafukuzwa."

Trina akambusu Effie masikio yote mawili, kisogo, vifundo vya miguu. Kwa utaratibu ule ule wa Bibi. Sidhani alijua anafanya hivyo. Kisha akakimbia, peke yake, na gari likaingia kwenye feri, kiti cha nyuma kitupu.

Tulibaki dukani. Nilimvalisha Effie nguo moja moja. Alikataa soksi. Alitaka kurudi kwenye kile kiti kidogo, nikamkalisha hapo sakafuni, katikati ya mapipa ya misumari, nikakaa mbele yake. Kila mteja aliyeingia alinunua kitu ambacho hakukihitaji. Mwalimu wa shule alinunua chewa kilo mbili, hakuitazama mizani.

Saa sita na dakika ishirini Trina akapiga. Alikuwa amefika. Nilisikia mashine zinalia, na magurudumu. Akaiweka simu kwenye sikio la Bibi.

"Garland."

"Naam, Bibi."

"Ameniambia habari za mizani. Ulimlisha nini asubuhi?"

Ningeweza kudanganya. Nimewahi kumdanganya Bibi katika mambo makubwa zaidi, pamoja na moto wa banda.

"Touton nne, Bibi. Na maziwa."

Akatoa ule mlio wake wa puani ambao ndio kicheko chake chote.

"Asali uliweka?"

"Niliweka."

"Vizuri. Mweke kwenye simu."

Nikaishika simu karibu na Effie. Sijui Bibi alisema nini. Effie alisikiliza kwa makini sana, akailamba simu, akasema "Nan," neno lake la Bibi, akaangalia nyuma ya simu kama kuna mtu. Kisha sauti ya mwanamume ikasema sasa tunaondoka, mama. Trina akasema atanipigia. Hakupiga mpaka jioni.

Saa saba na robo ndege ikapita juu ya kisiwa. Pengine haikuwa yenyewe. Nilimtoa Effie nje nikamwonyesha hata hivyo, naye akaionyesha kidole mpaka ilipopotea, na baada ya kupotea akaendelea kuonyesha.

Leo ni Jumapili. Bibi anapasuliwa kesho asubuhi. Trina yuko St. John's naye, anasema Bibi amelala sana, na akiamka vidole vyake vinatembea juu ya shuka. Tangu usiku upepo umekuwa mkali na feri imefungwa, kwa hiyo hata Dwayne akirukia ndege na ule ufunguo wake, hakuna atakayevuka.

Asubuhi hii Effie aliamka mapema. Kabla sijampa chochote, kabla hata ya maji, nilimfunga kwenye blanketi nikaenda naye kwa Shangazi Vina. Duka halifunguliwi Jumapili. Aliniona dirishani akafungua bila ya kuuliza, akiwa na vazi la kulalia. Hakuwasha taa za mbele. Nikamvua mtoto, nepi na vyote, nikamweka juu.

Tisa, nukta, tisa nne. Chini ya kumi.

Shangazi Vina akasoma mara mbili, akaenda kuvaa miwani, akasoma tena. Kisha akazima mizani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Usimwambie dada yako," akasema.

"Siwezi kumwambia, Shangazi."

"Wala Bibi yako."

Effie alikuwa anasikia baridi. Akanyoosha mikono nimwinue, akasema anataka touton. Nilisimama pale, sijui nimpe au nisimpe.